MPENDE MAMA YAKO AMBAYE HAJAOKOKA
(Somo kwa mtu aliyeokoka katika nyumba yenye dini mbili)



Labda umeokoka jana usiku katika mkutano huu huu. Umelia, umefurahi, umelala na amani ambayo hujawahi kuijua. Lakini leo asubuhi unawaza: nyumbani nitaingiaje? Baba ni Mwislamu. Au mama ni wa dhehebu lingine na hataki kabisa kusikia habari za walokole. Au babu bado anatambika. Nataka niseme na wewe kabla hujafika mlangoni, maana mimi niliingia vibaya.

USHUHUDA WANGU

Niliokoka mwaka 1994 mjini Tanga. Mama yangu ni Mwislamu, mwenyeji wa Pangani, mtu wa swala tano. Siku ya Idd alinipikia pilau kama alivyonipikia tangu utoto wangu, akaniletea sinia limefunikwa kawa. Mimi nikasema mbele ya wageni, "Chakula cha giza sili." Mama hakujibu neno. Alilichukua sinia akarudi nalo jikoni.

Ndugu yangu, siku ile nilijiona shujaa wa imani! Kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Kwa miaka 2 sikula kwa mama, wala sikulala kwake. Nilifunga na kumwombea, eti aokoke.

Siku moja mzee wetu wa kanisa akaniuliza, "Kijana, mama yako mwezi huu anakula nini?" Nikanyamaza. Sikujua. Akasema, "Unamwombea mtu ambaye hujui kama amekula?" Neno lile lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Nilinunua mchele na sukari, nikaenda. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Mama akaniambia, "Mwanangu, dini yako sikuichukia. Kilichoniuma ni kuona kwamba ndani yake mimi sina nafasi."

JE, BIBLIA INASEMAJE?

1. Amri ya kuwaheshimu wazazi haina masharti. Fungua Kutoka 20:12. Je, imeandikwa kwamba uwaheshimu wazazi waliookoka tu? Hapana! Baba ni baba hata kama anaelekea msikitini wewe ukielekea kanisani.

2. Sadaka haiwezi kuchukua nafasi ya mzazi. Katika Marko 7:9-13 Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Sasa wewe unayetoa fungu la kumi kila mwezi na mama yako hana mafuta ya taa, jipime. Paulo anasema mkali zaidi: asiyewatunza watu wa nyumbani mwake amemzidi ubaya yule asiyeamini (1 Timotheo 5:8).

3. Bwana Yesu mwenyewe alikuwa na ndugu wasiomwamini. Soma Yohana 7:5. Katika Marko 3:21 jamaa zake walikwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Hakuwalaani. Alipokuwa msalabani alihakikisha mama yake ana mahali pa kukaa (Yohana 19:26-27). Baada ya kufufuka alimtokea Yakobo (1 Wakorintho 15:7), na ndugu zake tunawakuta katika maombi pamoja na wanafunzi (Matendo 1:14).

4. Ndoa haivunjwi kwa sababu mmoja ameokoka. Mama uliyeokoka na mumeo bado, soma 1 Wakorintho 7:12-14. Akikubali kukaa nawe, usimwache. Na 1 Petro 3:1-2 inafundisha kwamba mume anaweza kuvutwa pasipo neno, kwa kuutazama mwenendo wako. Pasipo neno! Maana yake acha kumhubiria kila akikaa kula. Mpikie vizuri, mheshimu, usimseme kwa mashoga zako wa kwaya.

"LAKINI YESU ALISEMA TUMPENDE KULIKO BABA NA MAMA!"

Ni kweli, imeandikwa Mathayo 10:37. Andiko hilo linasema nani ni wa kwanza. Halikupi ruhusa ya kumdharau wa pili. Baba akisema mkane Yesu, hapo utajibu kwa adabu: "Baba, hilo siwezi." Lakini akisema nichotee maji, nenda kachote! Wengi wetu tumeshindwa kutofautisha mambo haya mawili. Tumekataa maji tukidhani tunakataa dhambi.

Naamani alipomwamini Mungu wa Israeli alikuwa na shida hiyo hiyo. Bwana wake alimwegemea mkono kuingia katika hekalu la Rimoni. Alimweleza Elisha wazi, na nabii akamwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5:17-19). Basi ukimshika mkono mzee wako asiyeona vizuri ukamfikisha mlango wa msikiti, hujamkana Kristo. Umemshika mkono baba yako.

MONIKA NA MEZA YAKE

Kulikuwa na mama mmoja Afrika ya Kaskazini, Monika wa mji wa Thagaste, nchi ambayo leo ni Aljeria. Mumewe Patricius hakuwa Mkristo. Mwana wao Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alijiunga na dini ya Wamani akakaa nayo kama miaka 9. Monika alichukizwa mno na maneno ya mwanawe hata akakataa asile naye meza moja.

Halafu akaota ndoto iliyompa tumaini kwamba mwana huyo siku moja atasimama pale aliposimama yeye. Alifanya nini? Alimrudisha mezani! Angali hajaamini, angali anabishana, alikula naye. Askofu mmoja alimshauri aache kumbishia kijana, amwombe Mungu tu. Patricius aliamini karibu na mwisho wa maisha yake. Agostino alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387, na Monika alikufa mwaka huo huo. Alingoja miaka mingi, lakini alingojea meza ikiwa imeandaliwa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

• Ramadhani. Usipike na kula mbele ya wanaofunga. Saidia kuandaa futari. Kumenya magimbi na kukoroga uji si kubadili dini.

• Chakula. Usiingize nguruwe wala pombe katika nyumba ya Mwislamu. Ukichinja kuku wa kula pamoja, mwachie mwenye nyumba achinje. Pilau ya Idd ni mkono wa mama yako. Kula, shukuru Mungu kimoyomoyo, mwambie ahsante.

• Tambiko. Hapa usishiriki (1 Wakorintho 10:20-21). Lakini usipige kelele wala usivunje chungu cha babu. Sema, "Babu, shikamoo. Katika hili nisamehe, siwezi. Kazi nyingine nitume." Kisha fanya kazi hiyo vizuri kuliko wote.

• Msiba. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ile ile. Mzazi akifa Mwislamu, usigombee maiti. Waache wenye dini yake wamwoshe, wamvishe sanda, wamswalie. Wewe changa, beba jeneza, tia udongo, kaa matangani mpaka mwisho. Watu wanakumbuka nani alikuwepo.

• Maneno. Usitukane kitabu chao wala mtume wao. Umewahi kumwona mtu aliyeokoka kwa kutukaniwa mama yake? Ukiulizwa juu ya tumaini lako, jibu kwa upole (1 Petro 3:15). Usipoulizwa, ishi.

IKIWA WAMEKUFUKUZA

Najua wapo waliofungiwa mlango, waliochomewa nguo, waliopigwa. Machozi yako Mungu anayaona. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua na hata kubadilisha dini. Kama maisha yako yako hatarini, ondoka, tafuta usalama kwa mchungaji, kwa balozi wa nyumba kumi au polisi. Kuwapenda si kukaa chini ya panga. Lakini usiondoke na laana mdomoni. Warumi 12:18 yasema amani kwa kadiri inavyotegemea upande wetu. Upande wako uwe safi. Tuma salamu. Siku ya ugonjwa, fika. Mlango ukifunguka kidogo, usiupige teke.

MAMA YANGU LEO

Utaniuliza, je, mama aliokoka? Mpendwa, sitakudanganya. Mpaka leo hajaokoka. Ana miaka zaidi ya 80, anakaa kwangu, macho yamefifia. Asubuhi namchotea maji. Akitaka ya kunywa, nampa. Akitaka ya kutawadha, nampa. Yeye anaswali chumbani, mimi naomba sebuleni, na Mungu anajua machozi yangu kwa ajili yake, kama Paulo alivyolia kwa ajili ya jamaa zake (Warumi 9:2-3). Juzi aliniita akasema, "Huyo Yesu wako, siku ile alikukataza pilau yangu. Leo ndiye anakutuma uninawishe?" Nikamwambia, "Mama, siku ile haikuwa yeye. Ilikuwa mimi." Akacheka, akanyamaza muda mrefu. Mimi bado nangoja, na sinia lipo mezani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni nani katika jamaa yako humsalimii kwa sababu ya dini? Je, Bwana ndiye aliyekukataza?
2. Mara ya mwisho kula naye ilikuwa lini?
3. Leo, kabla jua halijazama, unaweza kumfanyia jambo gani moja?

TUOMBE PAMOJA

Bwana Yesu, nakushukuru kwa kuniokoa. Nisamehe pale nilipowaumiza watu wa nyumbani mwangu nikidhani nakutetea wewe. Nipe uimara wa kutokukukana na upole wa kutokuwadharau. Wabariki baba, mama na ndugu zangu. Nifundishe kuwangojea kama ulivyoningojea mimi. Amina.

Kama umeomba sala hii kwa moyo, usiweke karatasi hii mfukoni ukalala. Nenda nyumbani. Piga hodi. Sema shikamoo.