Meza ya mtandaoni: ipime kwa laptopu mbovu kuliko zote

Ijumaa usiku joka lilishindwa kutokea. Tunacheza Dungeons & Dragons, mwenzetu mmoja yuko Nairobi, na shemeji yangu yuko Mwanza na laptopu yake kuukuu. Wenzake wameshaingia pangoni, yeye bado.

"Shem, mimi naona giza tu."

"Ndiyo pango lenyewe hilo."

"Hapana shem, hata mimi mwenyewe sijioni."

Ukitafuta programu ya kuchezea utatajiwa dadu, karatasi za wahusika, na ukungu wa kuficha vyumba ambavyo wachezaji hawajafika. Roll20, iliyoanza 2012, inavyo. Foundry inavyo, na huilipia mara moja tu, tena anayelipa ni mwendesha mchezo peke yake. Kwa watu wanaochangishana kwa mbinde kama sisi, hapo nimeshachagua. Mengine utayaona ukiingia.

Kinachoua mchezo ni ramani. Aliyetuuzia ile ya pango aliapa kwamba faili ni jepesi. Kweli lilikuwa jepesi, WebP iliyobanwa vizuri. Lakini picha yenyewe ni pikseli 12,000 kwa 9,000! Kivinjari kikiifungua, kila pikseli inakula baiti nne, kwa hiyo ni zaidi ya megabaiti 400 za memori kwa ramani moja. Isitoshe, kadi nyingi za picha za zamani hukomea pikseli 8,192 kwa upande. Kubana faili kunaokoa bando tu. Memori inataka upunguze pikseli.

Nikaifungua kwenye GIMP. Ramani ina miraba 40 kwa 30. Nikaupa kila mraba pikseli 70, ikawa 2,800 kwa 2,100. Memori ikashuka hadi megabaiti 24 hivi. Piga hesabu ya miraba hivyo hivyo, usikadirie, la sivyo mistari ya programu itapishana na ya kwenye picha, nanyi mtabishana hadi usiku wa manane kama moto umemfikia mchawi au la. Heri ununue ramani isiyochorwa mistari. Muuzaji asiyekuwa nayo, mhame.

Shemeji akaingia kabla hata ya yule wa Nairobi mwenye faiba, akarusha dadu, 20! Tukasikia kelele mpaka nikaogopa ataamsha watoto.

Baada ya ramani, tatizo la pili lilikuwa sauti. Sisi tunapigiana WhatsApp, programu yenyewe tumeizima maikrofoni.