Kipimo cha Kansa ya Maziwa Hupimwaje?

Daktari humpima mgonjwa kwa kipimo. Je, kipimo chenyewe hupimwa kwa nini? Swali hili si la mchezo. Kansa ya maziwa huwaua mama zetu na dada zetu, na wengi hufika hospitali uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Ndiyo sababu wataalamu hutafuta njia za kuigundua mapema kwa wanawake wasiojisikia ugonjwa wo wote, pasipo kisu wala sindano. Lakini njia iliyo nzuri kwa maneno si lazima iwe nzuri kwa kazi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: Je, kipimo huiona kansa iliyopo? Mwaka 1956 Daktari Ray Lawson wa Montreal, Kanada, aliandika kwamba ngozi iliyo juu ya kansa ya ziwa huwa na joto zaidi. Habari hiyo ilileta matumaini, kwa kuwa joto laweza kupimwa bila hata kumgusa mtu. Lakini katika mpango mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1973, kipimo cha joto kilishindwa kuona zaidi ya nusu ya kansa zilizogunduliwa. Basi kikaachwa. Mwanamke mwenye kansa akiambiwa kwamba ni mzima, hurudi nyumbani ametulia, na ugonjwa huendelea kukua.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Tuseme wanawake wawili wana kansa ya namna moja. Wa kwanza alipimwa, kansa ikaonekana akiwa na miaka 50. Wa pili hakupimwa. Alitambua uvimbe akiwa na miaka 53. Wote wawili wakafa wakiwa na miaka 55. Tukihesabu tangu siku ya kugunduliwa, wa kwanza aliishi miaka 5 na wa pili miaka 2. Je, kipimo kilimwongezea wa kwanza miaka 3? La! Kilimwongezea miaka ya kujua tu, si ya kuishi. Njia ya kuepuka kosa hili ni kuwagawa watu mafungu mawili kwa kura, fungu moja lipimwe na jingine lisipimwe, kisha kuhesabu vifo vya pande zote mbili.

Ndivyo walivyofanya madaktari wa hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998. Walichukua wanawake zaidi ya 150,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Fungu la kwanza walichunguzwa maziwa kwa mikono mara nne, kila baada ya miaka miwili. Waliowachunguza hawakuwa madaktari, bali wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Fungu la pili walifundishwa mara moja habari za kansa, kisha wakafuatiliwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, baada ya miaka 20 na zaidi. Kwa wanawake wote pamoja, vifo vya kansa ya maziwa vilipungua kwa 15 katika mia, lakini tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, vilipungua karibu 30 katika mia, wala hiyo haikuwa bahati. Kwa walio chini ya miaka 50, hapakuonekana upungufu usioweza kuwa wa bahati tu.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Mikono iliyofundishwa vema, isiyohitaji umeme wala mashine ya bei kubwa, yaweza kuokoa maisha ya akina mama wenye umri mkubwa. Tena, ukweli huo haukupatikana kwa kukisia, ila kwa kuhesabu kwa uvumilivu.

Lakini tusisahau: hesabu hizi ni za wasiojisikia ugonjwa. Mwanamke aliyekwisha kuona uvimbe, awe kijana au mzee, asingoje kipimo cha wazima. Na aende hospitali upesi.