Usalama wa Anayesafisha Kuvu Nyumbani Baada ya Mafuriko

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji huingia katika nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Yakishapungua, watu huhofia kipindupindu, nao wana haki. Lakini siku chache baadaye hujitokeza madoa meusi au ya kijani ukutani, nyuma ya kabati na chini ya godoro, pamoja na harufu ya uvundo, na wengi huyachukulia kuwa uchafu tu. Hiyo ni kuvu. Huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 endapo kitu kilicholowa hakikukaushwa.

Kuvu huzaliana kwa chembe ndogo mno ziitwazo spora. Doa likifagiliwa kwa ufagio mkavu au kukwanguliwa, spora nyingi huruka hewani kwa mara moja. Hivyo aghalabu saa ya hatari zaidi ni ile ile ya kusafisha. Mwenye afya njema huenda akapata mafua, kikohozi na macho kuwasha tu. Mwenye pumu huweza kubanwa kifua vibaya, na mwenye kinga dhaifu, mathalani anayetibiwa saratani, huweza kupata maambukizi ya mapafu. Hao, pamoja na watoto, wasishiriki kazi hiyo kabisa. Ni bora wakae kwa jirani hadi iishe.

Anayesafisha avae barakoa ya N95, glovu za mpira na miwani inayoziba pembeni. Kitambaa hakitoshi. Madirisha yafunguliwe na mlango wa kuelekea vyumba vingine ufungwe. Ukuta ulowanishwe kwanza, usuguliwe kwa maji ya sabuni, kisha ukaushwe.

Klorini ya kufulia si ya lazima, kwa kuwa hata kuvu iliyokufa huamsha mzio isipoondolewa. Ikitumika, isizidi kikombe kimoja, yaani mililita 240, katika takriban lita 4 za maji. Kamwe isichanganywe na siki, amonia wala dawa ya chooni yenye asidi. Wapo wanaomimina dawa mbili pamoja wakidhani nguvu itaongezeka, kumbe hutoka gesi inayounguza njia ya hewa. Aliyeivuta atoke nje mara moja na kuwahi kituo cha afya. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayafiki mapafuni.

Godoro la sponji na dari ya jipsamu vilivyoota kuvu havisafishiki. Vifungwe katika plastiki kabla ya kupitishwa ndani ya nyumba, kisha vitupwe. Ni ushauri mchungu kwa familia yenye godoro moja, lakini mtoto mwenye pumu hulilalia usiku kucha.

Rangi mpya, ambayo baadhi ya wenye nyumba huipaka kabla ya mpangaji kuhamia, huficha doa kwa muda tu. Maji yakiendelea kupenya ukutani au kuvuja kutoka kwenye bomba, kuvu huitoboa rangi hiyo na kurudi.