SOMO LETU: KUBADILISHA REKODI BILA KUPOTEZA UKWELI



Katika mwethya wa kuchimba matuta, kila mtu anaona nani amechimba na amefika wapi. Pesa za kikundi hazionekani hivyo. Zinaonekana kitabuni tu. Kitabu kikibadilishwa vibaya, jasho la mtu limepotea, na kikundi huanza kunung'unika.

Leo tujifunze namna ya kubadilisha kitu kilichokwisha kuandikwa. Tutaazima akili kutoka kwa kompyuta, maana nazo zina shida hii hii. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi na kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza njia ya kutunza habari katika majedwali yanayohusiana. Mpaka leo benki na ofisi nyingi zinatumia njia hiyo. Tuone mafunzo matano.

1. Jambo moja, mahali pamoja. Tuseme namba ya simu ya mwanachama imeandikwa katika kitabu cha mahudhurio, cha akiba na cha mikopo. Akibadilisha simu, tunasahihisha kimoja na kusahau viwili. Sasa kipi ni cha kweli? Hifadhidata iliyopangwa vizuri huweka simu katika jedwali moja la wanachama. Majedwali mengine hutaja namba ya mwanachama tu.

2. Kila mtu awe na namba yake. Akina Mwende wanaweza kuwa watatu katika kikundi kimoja! Kompyuta ikiambiwa ibadilishe rekodi, ni lazima iambiwe ni mstari upi. Ukisahau kutaja mstari, inabadilisha yote, na haikuulizi mara mbili. Basi tuandike "namba 14", si "Mwende" peke yake.

3. Yote au hakuna. Tukimkopesha mtu shilingi 2,000, sanduku linapungua na deni lake linaongezeka. Hayo ni maandishi mawili, lakini ni tendo moja. Ni kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007: pesa zikitoka kwako, ni lazima ziingie kwa mwenzako. Stima ikipotea katikati, hifadhidata nzuri hurudisha mambo yalivyokuwa. Nasi tusifunge kitabu tukiwa tumeandika upande mmoja.

4. Mikono miwili isiandike pamoja. Akiba ni 5,000. Mweka hazina anasoma 5,000, anapokea 500, anaandika 5,500. Katibu naye alikuwa amekwisha kusoma ile 5,000. Anapokea 300, anaandika 5,300 juu yake. Jumla ya haki ni 5,800. Shilingi 500 zimepotea, na hakuna aliyeiba! Kompyuta huzuia jambo hili kwa kufunga mstari: mmoja anamaliza, ndipo mwingine anaanza. Kwetu, kalamu iwe moja.

5. Tusifute. Hifadhidata ikibadilisha tarakimu, ile ya zamani hutoweka katika jedwali. Ndiyo maana nyingi huandika kwanza badiliko lenyewe katika daftari la kando, ili stima ikikatika kazi iweze kumalizwa au kurudishwa nyuma. Na programu nzuri za hesabu hazibadilishi malipo ya jana. Huongeza mstari mpya wa kusahihisha. Sisi pia tuache raba na wino mweupe. Kosa lipigwe mstari mmoja tu, lisomeke bado. Andika sahihi yake kando, tarehe na sababu, na watu wawili watie sahihi.

Wako watakaosema hii ni kazi ya wenye shule nyingi. La hasha! Fikirini mama aliyeleta shilingi 300 za kuku wake, na hana risiti. Ushahidi wake pekee ni ule mstari kitabuni. Ukifutwa, atasema nini mbele ya mkutano?

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Simu na majina yetu yameandikwa katika vitabu vingapi? Je, yanalingana?
2. Ni nani anaruhusiwa kusahihisha kitabu chetu, na ni nani anashuhudia?
3. Katika mkutano ujao, tusomeane akiba ya kila namba kwa sauti. Mna maoni gani?