Maumivu ya koo yanayofika moyoni

Watu wengi wakisikia ugonjwa wa moyo humfikiria tajiri mnene aliyeanguka ofisini. Hiyo ni sura moja tu ya maradhi haya.

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi, unaodunda kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Mishipa inayoulisha ikizibwa na mafuta na damu iliyoganda, sehemu ya msuli huo hufa. Mgonjwa hubanwa na kifua, maumivu yaweza kuelekea mkono wa kushoto au taya, naye hutokwa na jasho. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mgonjwa akimbizwe hospitali, asingojee kupambazuke. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, ni kiharusi: mdomo hupinda, upande mmoja wa mwili hulegea, maneno hayatoki sawasawa. Chanzo kikubwa cha yote mawili ni shinikizo la damu, ambalo laweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikipatikana siku tofauti, kinahitaji kushughulikiwa hata kama mtu anajiona buheri wa afya.

Wako pia watoto wanaozaliwa na tundu moyoni, na watu ambao damu huganda katika mishipa ya miguu.

Lakini ugonjwa ambao hausemwi sana, ilhali huwaandama hasa watoto wa wasio nacho, ni ule unaoharibu milango ya moyo, yaani vali. Huanza na jambo dogo: koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 hushikwa na homa, koo likauma, na tezi za shingo zikavimba. Wazazi wengine humpeleka kwa mkata kimeo. Kukata kimeo hakuui bakteria, na huleta hatari ya kutokwa damu nyingi.

Si kila koo ni la kutiliwa shaka, kwani mengi husababishwa na virusi na hupona yenyewe. Likitokana na bakteria waitwao streptokoki, huenda wiki mbili au tatu baadaye mtoto akaumwa na viungo, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili, iliyokusudiwa kuwapiga bakteria, huwa imeushambulia mwili wenyewe. Maumivu ya viungo huisha, nyumba nzima ikasahau. Vali za moyo hazisahau. Hubaki na makovu, na kila homa hiyo inaporudi makovu huzidi, hadi mlango ukashindwa kufunguka au kufungika vizuri.

Mara nyingi ugonjwa hujulikana msichana huyo akiwa mjamzito. Wakati wa mimba damu huongezeka kwa karibu nusu, na moyo wenye mlango mwembamba hulemewa. Mama hukosa pumzi akilala chali, miguu huvimba, nao jirani husema ni mimba tu. Wengine hupoteza maisha kwa dhana hiyo.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa ya kuzuia haya yote ni ya zamani na ya bei nafuu: penisilini. Koo likitibiwa ndani ya siku 9 tangu lianze kuuma, homa hiyo huzuilika. Aliyekwisha kuugua hudungwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka 10 au zaidi. Hapo ndipo wazazi wengi huchoka. Mtoto anacheza mpira, sindano inauma, nauli ya kwenda hospitali haipo. Lakini sindano hiyo si ya kuponya. Ni ya kuzuia homa isirudi, na anayecheza mpira leo ndiye hasa anayeihitaji.

Mama aliyewahi kuugua hivyo utotoni amweleze muuguzi siku ya kwanza ya kliniki, asingoje kuulizwa.