Habari za Wahungaria na Lugha Yao

Mwaka 1887 Mzungu mmoja mnene aliondoka Pangani na msafara mkubwa. Akapita Kilimanjaro, akapanda mlima ule hata kufika penye theluji, na mwezi wa Machi 1888 akafika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, ambalo tangu mwaka 1975 laitwa Ziwa Turkana. Wapagazi walimpa jina la Bwana Tumbo. Katika vitabu vya Waingereza ameandikwa Samuel Teleki, bali kwao ni Teleki Sámuel, jina la ukoo likitangulia, kwa kuwa alikuwa Mhungaria, nao Wahungaria ndivyo watajavyo majina. Leo twataka kuwaeleza habari za taifa lake, hasa za lugha yao.

Nchi ya Hungaria iko katikati ya Ulaya, haina pwani. Wahungaria, ambao wenyewe hujiita Wamagyar, waliingia huko yapata mwaka 895, wakitoka nyika za mashariki juu ya farasi zao. Majirani wao wote, Wajerumani, Waslavi na Waromania, lugha zao zina undugu wa mbali. Lakini Kihungaria si ndugu ya hata moja. Ndugu zake wa karibu ni lugha za Wakhanti na Wamansi, watu wachache wakaao Siberia, ng'ambo ya milima ya Ural. Kifini pia ni cha ukoo huo, walakini Mhungaria na Mfini wakikutana hawaelewani.

Wazungu wengi huiona lugha hii kuwa ngumu mno. Sisi tulipoitazama, tulikuta mambo tuyajuayo. Haina neno la mwanamume na jingine la mwanamke mahali tusemapo »yeye«. Wote ni »ő« tu. Kama vile »nakupenda« lilivyo neno moja kwetu, kwao pia ni neno moja, »szeretlek«. Nyumba ni »ház«, nyumba yangu ni »házam«, na nyumbani mwangu ni »házamban«. Tofauti ni kwamba sisi twaambatisha zaidi mbele ya neno, wao nyuma.

Basi jambo la kustaajabisha ni hili: lugha hii kwa muda wa miaka mia nane na zaidi haikuwa lugha ya serikali katika nchi yake yenyewe. Tangu mfalme István alipovikwa taji mwaka 1000, sheria ziliandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1784 mfalme Joseph wa Pili aliamuru Kijerumani kishike mahali pa Kilatini. Wakubwa wa nchi wakakataa kwa hasira, naye akaitangua amri hiyo mwanzo wa mwaka 1790, majuma machache kabla ya kufa kwake.

Ni nini basi iliyoilinda lugha? Sehemu kubwa ni kitabu. Mwaka 1526 mfalme wao alikufa katika vita na Waturuki huko Mohács, na mwaka 1541 Waturuki wakautwaa mji mkuu wa Buda. Nchi ikagawanyika sehemu tatu. Mwaka ule ule wa 1541, katika msiba huo, János Sylvester alipiga chapa Agano Jipya zima kwa Kihungaria. Kisha Gáspár Károli, mchungaji wa Gönc, akasimamia kazi ya Biblia nzima, nayo ikapigwa chapa mwaka 1590 katika kijiji cha Vizsoly. Kati ya Gönc na Vizsoly alitumwa mvulana mmoja wa shule kupeleka karatasi kwa mpiga chapa. Jina lake Albert Molnár, wa mji wa Szenc. Mvulana huyo alipokua alitunga kamusi ya Kilatini na Kihungaria, mwaka 1604, na mwaka 1608 akaitoa Biblia ile tena baada ya kuisahihisha. Walimu mnaotuma watoto na barua, mwangalieni huyu.

Baadaye wakaja watu wa kuongeza maneno. Ferenc Kazinczy, aliyefungwa gerezani tangu 1794 hata 1801 kwa mambo ya serikali, alipotoka aliongoza kazi hiyo. Sisi tulipohitaji jina la ofisi tuliliazima kwa wageni. Wao walishika neno »ír«, maana yake andika, wakafanya »iroda«. Mwaka 1825 István Széchenyi alitoa mapato yake ya mwaka mzima ili kianzishwe chama cha wataalamu cha kuitunza lugha, ingawa yeye mwenyewe alizoea kuandika habari za maisha yake kwa Kijerumani! Mwaka 1844 ndipo sheria ilipokifanya Kihungaria kuwa lugha ya serikali.

Baada ya vita kuu ya kwanza, kwa mapatano ya Trianon ya mwaka 1920, Hungaria ilipoteza karibu theluthi mbili za nchi yake. Wengi wasemao Kihungaria wakajikuta raia wa nchi nyingine pasipo kuhama nyumba zao, na hata leo wako. Szenc, mji wa yule mvulana, sasa uko Slovakia, na huandikwa Senec. Sáromberk, alikozaliwa Bwana Tumbo, iko Romania.