Kutafuta Uzito Linganishi wa Atomu: Swali la Chokaa

Mashamba mengi ya mahindi huku kwetu, Kitale hadi Bungoma, yana udongo wenye asidi, na wakulima huutia chokaa. Chukulia kwamba chokaa hiyo ni kabonati ya metali usiyoijua, MCO₃. Gramu 1.00 imetumia sentimita za ujazo 20 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita, hakikubaki kitu. M ni metali gani?

Anza na asidi, maana ndiyo unayoijua: 20 ÷ 1000 × 1 = moli 0.02. Sasa andika mlinganyo. Wengi huuruka, na hapo ndipo alama hupotea.

MCO₃ + 2HCl → MCl₂ + H₂O + CO₂

Moli mbili za asidi huhitaji moli moja tu ya kabonati. Basi kabonati ni moli 0.01, na moli moja nzima ina gramu 1.00 ÷ 0.01 = 100. Ondoa CO₃, yaani 12 + (3 × 16) = 60. Inabaki 40: kalsiamu. Usiandike gramu, uzito linganishi hauna kipimo.

Ukisahau ile 2, utapata 50 − 60 = −10. Hakuna atomu yenye uzito chini ya sifuri, kwa hivyo rudi kwenye mlinganyo kabla hujatoa karatasi.

Na ukipata 36 je? Usikimbilie klorini, hiyo si metali. Chokaa nyingine husagwa kutoka mawe ya dolomiti, yenye kalsiamu (40) na magnesiamu (24) pamoja. Hapo 36 ni wastani wa metali mbili.